Pikipiki Mbili Hadi Bunia: Nilivyokwenda Kupimwa Mikono Pamoja na Bokilo

Ninyi watu wa ekipi, wa zamu ya pili, hamna huruma. Tangu nirudi hapa Kilo sijamaliza kikombe cha chai bila mmoja wenu kuvuta kiti na kusema, "Haya, leta habari ya Bunia." Nimesimulia mara sita, na kila nikifika penye utamu mtu ananikatiza. Sasa nimemkalisha mke wangu na daftari. Mimi nasema, yeye anaandika, na ameapa hataongeza wala kupunguza neno. Mkikuta mahali ninachekwa, mjue ni mkono wake.

Kwa asiyenijua: mimi ndiye niliyekuwa fundi wa mashine ya kuponda mawe pale kampuni, mpaka siku mkanda uliponivuta. Mkono wa kuume haunyooki tena wala haupandi. Wa kushoto umebaki na vidole viwili vinavyonitii, navyo hutii wakipenda. Ule mfuko wa wafanyakazi tuliokuwa tukikatwa kila mwezi ukaniandikia barua nikapimwe Bunia. Daktari wao angekuwepo siku mbili tu, Alhamisi na Ijumaa. Akiona kweli sifai tena kwa kazi, nitapata pensheni mpaka nizikwe. Akiona nafaa, faili inafungwa, nami narudi kukaa mlangoni nikimtazama mke wangu akilima peke yake shamba la kulisha watu wanane.

Barua ilitaka niende na mtu anayeishi nami, anayeona siku yangu inavyokwenda tangu asubuhi. Mke wangu alikuwa na kichanga cha wiki tatu. Ndugu zangu wako mbali. Alibaki mtu mmoja tu, mama yake mke wangu, aliyekimbia vita kijijini kwake Djugu na kuja kuishi kwetu. Miaka miwili sasa.

Hapo ndipo kichwa kiliponigonga. Kwetu mwanaume na mama mkwe wake huitana bokilo, na kati yao kuna heshima nene. Hamli pamoja. Hamkai kiti kimoja. Humwambii habari za mwili wako hata jino likikutesa. Miaka miwili tumetumia mlango mmoja, na nilikuwa sijamtazama usoni kwa muda wa kuhesabu mpaka tatu. Huyu ndiye wa kwenda kumweleza daktari mwili wangu!

Nesi mstaafu wa kambi ya kampuni, ambaye ndiye aliyenifunga bendeji siku ya kwanza, aliniita kwake kunitayarisha.

"Usijikaze mbele ya munganga," akaniambia. "Akiuliza kama unaweza kukula peke yako, usimuambie ile siku moja uliweza. Umuambie zile zingine zote. Weye uko na kiburi mingi, nakujua."

Nikamwahidi nitasema yote. Kisha nikarudi nyumbani nikajipanga mbele ya kioo, kifua mbele, nikajifunza kusimama kama mtu mwenye mikono miwili. Sikuona kosa lolote. Nilikuwa sijatoka Kilo miaka mitatu, na damu ilikuwa inanichemka kwa furaha.

Kilo hadi Nizi

Tuliondoka Jumanne asubuhi kwa pikipiki mbili. Moja ingetosha, maana huku moja hubeba watu watatu na mbuzi. Lakini mimi na bokilo kiti kimoja, tumebanana? Heri ningetembea kwa miguu.

Bokilo alitangulia na mfuko wetu. Dereva wangu, kijana anayeitwa Trezo, aligeuka akaitazama mikono yangu.

"Papa, sasa utanishika na nini?"

"Na magoti."

Alicheka mpaka akazima injini. Kisha akachukua mipira ile ya kufungia mizigo, akanizungushia kiunoni na kunifunga kwake. Hivyo ndivyo nilivyotoka Kilo, nimefungwa kama gunia la mihogo, na nakuambieni nilikuwa na furaha kuliko siku ya harusi yangu. (Mke wangu ameacha kuandika. Haya, ameanza tena.) Niliimba. Nilimsalimia kila mchimba dhahabu aliyekuwa akitoka shimoni na matope mpaka kwenye kope. Nilisalimia hata watu nisiowajua, nao wakaitikia, kwa sababu mtu aliyefungwa na mpira anayeimba haonekani kila siku.

Katikati ya njia gurudumu la pikipiki ya bokilo likatoboka. Dereva wake akainama kuziba. Bokilo akakaa juu ya jiwe upande ule wa barabara, mimi nikakaa upande huu, nimempa mgongo kama inavyotakiwa. Nikakumbuka mkate uliokuwa mfukoni.

"Trezo, mwambie mama kuna mkate."

Trezo akavuka, akasema, akarudi. "Mama anasema weye ukule kwanza."

"Mwambie sina njaa."

Akavuka tena. Kazi yake ikawa hiyo, mara ya mkate, mara ya maji, mara ya mwavuli. Mwishowe akasimama katikati ya barabara na kuvua kofia.

"Papa, mi niko mutoto, lakini nitasema. Hatutafika muzuri na roho mubaya hii. Umuombe mama pardon."

"Pardon ya nini?"

"Mi sijue. Lakini bibi ya kwanza anatakaka heshima. Umeoa wa pili, sawa, lakini huyu usimutupe. Naona kwa uso yako ni weye ulikosea."

Nilihisi masikio yanashika moto. "Weye! Ni bokilo yangu huyo!"

Trezo akaziba mdomo kwa kofia. Nilitupa jicho la wizi kule kwenye jiwe. Bokilo alikuwa amejifunika uso na kitenge, mabega yakimtetemeka, nami nikadhani analia kwa aibu. Nikaomba ardhi inimeze.

Nizi, tulipofungiwa na mvua

Mvua ilitukuta tunaingia Nizi, na haikuwa mvua ya mchezo. Tukakimbilia kwa Shabani, mchimba dhahabu kutoka Maniema, tuliyewahi kufanya naye kazi. Ni Mwislamu mwenye roho pana. Alitushangilia, akamwita mkewe, na baada ya muda likaletwa sinia moja kubwa kama gurudumu la toroli: bugari ya unga wa mihogo, sombe ya majani ya mihogo iliyopikwa kwa mafuta ya mawese, na samaki wa Ziwa Albert aliyekaangwa mpaka mapezi yakakauka. Harufu yake naisikia mpaka leo.

"Kwangu mugeni hakuli peke yake," akasema Shabani. "Mama, karibia. Mutoto yako akae hapa pembeni yako."

Alidhani ni mama yangu mzazi. Bokilo akaganda. Mimi nikaganda. Kumsahihisha mwenye nyumba mbele ya chakula chake niliona si adabu, na kumega sinia moja na bokilo haiwezekani. Mdomo ukaniponyoka.

"Nimefunga," nikasema. "Ni maombi. Kwa ajili ya daktari."

Jamani, ningejua! Kwetu kanisani mtu aliyefunga anaweza kunywa maji, hata chai kama mchungaji hayupo. Kwa Shabani kufunga ni kufunga. Uso wake uling'aa, akanisifu, kisha akauondoa hata ule mtungi wa maji uliokuwa karibu nami asije shetani akanijaribu. Nilikaa nikimsikiliza akitafuna. Nilimsikiliza kwa makini sana.

Jua lilipozama nilikuwa nyuma ya nyumba nikihesabu matone ya mvua. Mke wa Shabani akaniletea sahani. "Sasa ufungue, papa." Samaki alikuwa ametolewa miiba yote, nyama imechambuliwa vipande vidogo vya kuokotwa kwa vidole viwili. Nilimbariki mwanamke huyo mpaka kizazi chake cha nne.

Jumatano mvua ikaendelea, na barieri ya mvua ikafungwa, kwa maana mvua ikinyesha hapa malori hayaruhusiwi kupita mpaka udongo ukauke. Shabani akafurahi kwamba atanilisha daku. Mimi nilizunguka ua kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kila saa nilikwenda kuutazama ule mti uliolazwa barabarani, na mlinzi wake alinichoka.

"Papa, hata ukiuangalia, hautapanda," akasema.

Uliinuliwa Alhamisi karibu saa sita. Siku ya kwanza ya daktari ilikuwa imefika nusu, na mimi bado nilikuwa Nizi.

Nizi hadi Bunia

Pikipiki zilikuwa zinateleza na kuanguka, hivyo tukapata lori la viazi. Dereva akatuonyesha mbele. "Iko fasi ya watu mbili. Nyuma imejaa."

Watu wawili, bega kwa bega, mpaka Bunia. Nilimtazama dereva, nikaitazama saa, nikamtazama tena dereva. Yeye ni mtu mzima na hakuhitaji maelezo.

"Ah. Bokilo?"

Akashusha gunia dogo la viazi na kuliweka katikati yetu. Tukakaa, bokilo dirishani, mimi karibu na gia, gunia baina yetu. Kila shimo liliniangushia gunia, nami sina mkono wa kulisukuma, basi nililirudisha kwa kichwa. Barabara ile ina mashimo mengi. Nilifika Bunia shingo imevimba, lakini heshima ilikuwa imehifadhiwa.

Kabla ya kufika mjini kuna kizuizi ambapo abiria wote hushuka na kupita kwa miguu, kila mtu kadi yake ya utambulisho ameinyanyua mkononi ionekane. Wenzangu wakanyanyua. Mimi ningenyanyua na nini? Nikaibana kadi kwa meno na kutembea kidevu juu, kifua mbele, vilevile nilivyojifunza kwenye kioo.

Askari alinisogelea, akainama kusoma. "Muzee, unakula carte?"

Nikataka kujibu, lakini nikifungua mdomo kadi itaanguka matopeni, kwa hiyo nikatikisa kichwa tu. Yeye akadhani nasema ndiyo. Akaangua kicheko, akaniambia nipite kabla sijaimaliza. Hapo nyuma yangu nikasikia kicheko kingine, chembamba, cha msichana, kisichotaka kukoma. Niligeuka bila kufikiri. Alikuwa bokilo. Miaka miwili, na sikujua mama huyu ana kicheko. Ndipo nikaelewa alichokuwa akifanya ndani ya kitenge siku ile ya gurudumu.

Bunia

Tuliingia saa kumi. Ofisi ilikuwa imefungwa mpaka kesho, lakini msitake nijifanye nilihuzunika. Bunia, jamani! Pikipiki zinapita kama siafu, muziki kila mlango, wauza vitenge wanakuita baba hata kama huna franka. Nilitaka kusimama kila kona. Tulilala mtaa wa Mbunya kwa binamu wa bokilo, wanawake chumba hiki, mimi sebuleni. Sikupata usingizi. Nilikuwa napanga jinsi nitakavyoingia kwa daktari.

Niliazimia kuingia kama mtu. Asubuhi shati langu jeupe lilikuwa limetundikwa mlangoni, vifungo vyote vimefungwa isipokuwa viwili vya juu, tai imekwisha kupigwa fundo, kamba za viatu zimelegezwa kiasi cha mguu kupita. Kila asubuhi nyumbani nalikuta vivyo hivyo. Niliingiza kichwa, nikatikisa mabega, nikawa nimevaa. Koti likafuata. Ninyi mngeniona mngenisalimia kwa Kifaransa.

Tatizo ni kwamba watu walinisalimia kwa Kifaransa kweli. Nilipoingia kwenye baraza la ofisi, wagonjwa wote waliokuwa benchini walisimama, wenye magongo wakishikana na wasio na magongo. "Bonjour docteur!" Mzee mmoja alikunja suruali palepale na kunionyesha goti. Nililitazama. Nifanye nini? Nikamwambia pole, apunguze chumvi. Nesi wa pale alipotoka na kuliita jina langu kwenye orodha ya wanaopimwa, yule mzee akashusha suruali taratibu huku akinitazama vibaya.

Mbele ya daktari

Daktari alikuwa mwanamke, mdogo kwa umri, ana macho ya kuchoka. Bokilo aliingia nami kwa sababu barua ilitaka hivyo, lakini alikwenda kukaa kwenye kiti cha pembeni na kuelekea ukutani, mgongo kwetu. Daktari aliona, hakuuliza. Naye ni wa huku.

Alinipima mikono, akaikunja mpaka nilipoona nyota, nami sikutoa sauti. Kisha akachukua karatasi.

"Papa, unavaa peke yako?"

Nikafikiria yale aliyoniambia yule nesi mstaafu. Nikafikiria pia ule mgongo pale ukutani.

"Ndiyo. Si unaona?"

"Naona. Umevaa muzuri kabisa." Akaandika. "Kukula?"

"Nakula mwenyewe."

"Kulala? Mukono unauma?"

"Kidogo tu. Mungu ni mwema."

Akaandika, akaandika. Nilikuwa najisikia mkubwa. Halafu akaweka kalamu chini, akakusanya karatasi kuzirudisha kwenye faili, na ghafla niliona nilichofanya. Niliona shamba. Nilimwona mke wangu na jembe, mtoto mgongoni. Nikafungua mdomo nirudishe maneno.

Sauti ikatoka ukutani.

"Munganga, unisamehe. Mbele ya huyu mi sina ruhusa ya kusema. Lakini nikinyamaza, utafunga hiyo karatasi na uongo ndani."

Hakugeuka. Aliuambia ukuta.

"Ile shati, ni miye nafungaka vifungo. Kila asubui, mbele hajaamuka, naitundika ku mulango, yeye anaingiza kichwa. Viatu, ni miye nalegezaka kamba. Nyama nakatakata mbele sahani haijamufikia. Samaki natosha miiba, ata kule Nizi. Tangu mutoto yangu alipata mimba kubwa akashindwa kuinama, kazi yote ni ya miye. Na usiku ule mukono ukimuuma anauma shuka asituamushe. Nasikia, ju nyumba ni moja. Huyu mutu hawezi, munganga. Haiko mutu ya uongo. Hajue tu kusema hawezi."

Sikujua. Naliapia hilo mbele yenu. Nilidhani ni mke wangu, na mke wangu anayeandika haya alijua siku zote na akanyamaza kwa sababu mama yake alimkataza. Mke yule wa Shabani nilimbariki bure. Nilisimama pale na koti langu, uso unawaka kwa aibu, na chini ya aibu kulikuwa na kitu kingine kilichokuwa kinanijaa kifuani. Nililia. Mseme mnachotaka, nililia.

"Papa," daktari akaniuliza polepole, "ni kweli?"

"Kweli."

"Sema weye mwenyewe."

"Siwezi," nikasema.

"Nini?"

"Siwezi kufunga kifungo. Siwezi kukata nyama. Nina mtoto mchanga nyumbani, na siwezi kumbeba mpaka mtu aniwekee mapajani."

Basi lilipotoka hilo, mengine yote yakafuata mbio. Kumbe kusema siwezi kuna raha yake! Nikanogewa. Siwezi kufungua mlango wa kitasa cha mviringo. Siwezi kupiga makofi kanisani. Siwezi kumfukuza inzi akikaa mkono wa kuume. Siwezi kupanda pikipiki mpaka nifungwe na mpira. Siwezi kuonyesha kadi mpaka niile. Daktari alianza kucheka, na kalamu yake ilikuwa inakimbia.

"Papa, inatosha! Karatasi itaisha."

Alichana ile ya kwanza. Akajaza nyingine, akagonga muhuri, kisha akanitazama moja kwa moja. "Kazi, hapana tena. Hiyo pensheni nimeiandika, nami ndiye mutu ya mwisho kuamua." Nilitaka kumkumbatia, lakini hilo nalo ni katika yale nisiyoweza. "Bado mustari mumoja. Hapa wanauliza mutu anayekusaidia kila siku, ju naye Mfuko unamufikiria kwa kitu kidogo. Ni jina gani niandike?"

Kwetu jina la mama mkwe halitoki mdomoni mwa mwanaume. Nilikuwa nalijua tangu siku ya kupeleka posa, na katika miaka kumi na minne ya ndoa nilikuwa sijalitamka, hata peke yangu shambani. Jina la mke wangu lingefaa. Daktari asingejua, na bokilo asingelalamika kamwe.

Daktari alikuwa anangoja na kalamu.

"Anjelina," nikasema, kwa sauti kubwa kuliko chumba kilivyohitaji. "Anjelina Dhesi."

Kiti kililia kule ukutani. Bokilo aligeuka mzima, akanitazama usoni, nami sikuangalia chini.

"Niko hapa," akasema, "mutoto yangu."